Saa ya ruta ilivyomponza mwenzetu

Jamani, leo tuiache siasa kidogo. Nataka kuwasimulia habari ya saa. Si ya ukutani, ni ya ruta, kile kisanduku chenye taa za kijani kinachotuletea intaneti ofisini.

Wiki mbili zilizopita habari yetu moja ilivuja kabla hatujaichapa. Wakubwa wakafungua kumbukumbu za ruta, wakakuta barua pepe imetoka kwenye kompyuta ya chumba cha kurasa saa 01:12. Saa saba usiku! Zamu ile alikuwepo kijana mmoja tu, msanifu kurasa. Akaambiwa akae nyumbani asubiri barua. Nami, nakiri, niliacha hata kupokea simu zake.

Juzi nikaomba kuiona ile karatasi. Kando ya 01:12 palikuwa na tarehe: 1 Januari 1970. Wakubwa waliiona, wakasema ni hitilafu ndogo. Yaani tarehe wameikataa, saa wameiamini!

Ukweli ni kwamba ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika zinasahau. Ukirudi zinaanza kuhesabu upya, na nyingine huanzia 1970. Kwa hiyo 01:12 ilikuwa saa moja na dakika 12 tangu ruta iwake. Daftari la mlinzi linasema siku ile umeme ulirudi, akazima jenereta saa 11 kamili jioni. Basi barua ilitoka saa 12 na dakika 12 jioni, ofisi imejaa, na kompyuta ile anaigusa kila mtu.

Dawa ya ugonjwa huu ipo tangu 1985. Inaitwa NTP, kazi ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Ruta inauliza saa kwa seva za nje kupitia mlango namba 123. Nilikaa na fundi, tukaiandikia seva nne za pool.ntp.org, tukaweka majira yetu, saa tatu mbele ya Greenwich. Dakika chache tu, saa ikakaa sawa.

Kwa nini nne? Moja ikidanganya, zilizobaki zinaiumbua. Kisanduku kinauliza vyanzo vinne ndipo kiseme ni saa ngapi. Sisi waandishi tulimhukumu mwenzetu kwa chanzo kimoja.

Jana amerudi kazini. Nimemwomba radhi, akasema "poa tu". Lakini chai bado anakunywa peke yake.

Na ruta ya ofisini kwenu, inasema saa ngapi?