Keki ya Kitambaa kwa Mzee wa Govan

GLASGOW — Mzee alipotimiza miaka 80, watoto wake walikodi ukumbi mdogo mtaani Govan, wakakodi kilti za wanaume wote wa familia, wakakodi na mpiga zumari ya mfuko. Mwenyewe alikuwa ameomba kitu kimoja tu: keki ya kuchemshwa ndani ya kitambaa, kama alivyokuwa akipikiwa na mamake.

Kazi hiyo akapewa mkamwana wake, Mkenya mzaliwa wa Thogoto. Wanaojua historia ya wamisionari watatabasamu, maana jina Thogoto ni Scotland ilivyotamkwa na Wakikuyu baada ya Waskoti kujenga misheni yao huko. Binti alitoka Uskoti moja akaolewa nyingine.

Keki yenyewe huitwa clootie dumpling. Cloot, kwa Kiskoti, ni kitambaa. Ilikuwa keki ya nyumba zisizo na oveni, ambako sufuria kubwa na moto vilitosha kufanya sikukuu. Unga wa ngano, mafuta ya figo ya ng'ombe, sukari, zabibu kavu, mdalasini, tangawizi na karafuu huchanganywa kwa maziwa. Kitambaa huchovywa katika maji yanayotokota, hukamuliwa, kisha hunyunyiziwa unga. Unga huo ndio hugeuka kuwa ngozi ya keki, na bila ngozi Mskoti hakubali kwamba umempikia clootie. Kitambaa hufungwa kwa kamba, lakini si kwa kubana, kwa sababu donge litafura. Sahani hufudikizwa ndani ya sufuria, chini kabisa, ili donge lisishike. Halafu ni kungoja saa tatu, pengine nne, maji yakiongezwa kila yanapopungua.

"Ni kama kuchemsha githeri ya mahindi makavu," mkamwana alimwambia mwandishi wa safu hii, mvuke umemfunika miwani. "Ukienda kupiga gumzo, umekwisha."

Ndani alikuwa ametia sarafu zilizofungwa kwa karatasi ya kuokea. Zamani zilikuwa za fedha, za peni tatu, na kuna familia zilizozihifadhi kwa kazi hiyo hata zilipokuwa hazinunui tena kitu dukani. Mzee alikuwa nazo nne, kwenye kopo la tumbaku.

Ukumbini, hagisi iliingizwa kwanza, zumari ikiitangulia kama bibi harusi. Ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, pamoja na oti, vitunguu na pilipili manga. Wageni waliokulia kwenye mutura wa kando ya barabara hawakuuliza maswali. Wamarekani ndio wagumu: mwaka 1971 walipiga marufuku kuingizwa kwa hagisi ya Uskoti kwa ajili ya hayo mapafu.

Kilti mzee alikataa katakata. Alikuwa mchomeleaji wa meli kwenye mto Clyde, na babake hakuwahi kuvaa marinda. Mzee hakuwa akileta ukaidi wa uzee tu, kwani kilti ni vazi la watu wa milima ya kaskazini. Baada ya uasi wao kuzimwa, sheria ya mwaka 1746 iliwakataza wanaume kulivaa, isipokuwa wanajeshi. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita, la pili kupelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Ilipofika 1822, Mfalme George IV alizuru Edinburgh naye akavaa kilti, katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, na vazi la waliokandamizwa likaanza kuwa la Uskoti nzima. Watoto walipendeza, lazima isemwe. Ila mzee alibaki na suti yake ya kijivu.

Kitambaa kilipofunuliwa, ngozi ilikuwa imechanika ubavuni. Mkamwana akainamisha uso. Mzee aliizungusha sahani, mpasuko ukatazama ukuta, akaomba kisu. "Ya mama ilikuwa ikipasuka mahali hapo hapo," alisema. Sarafu ya kwanza ilimwangukia mjukuu wa miaka sita, ambaye alitaka kujua itanunua peremende ngapi.

Asubuhi iliyofuata mzee aliamka kabla ya wote. Alikata vipande viwili vya keki iliyobaki, akavikaanga pamoja na mayai, akamgongea mkamwana mlango.