Barua kutoka Edmonton: Ubishi wa Fainali

Mjomba,

Umeniuliza inakuwaje mji mzima ukeshe kwa ajili ya mchezo ambao hata mpira wenyewe huuoni kwenye televisheni. Nakujibu kwa kirefu, maana huku kwa sasa hakuna mazungumzo mengine. Leo ni Jumatatu, Juni 16, 2025. Kesho Edmonton Oilers wanacheza mechi ya sita ya fainali ya Kombe la Stanley, kombe la magongo ya barafuni, dhidi ya Florida Panthers, nao wako nyuma kwa mechi tatu kwa mbili. Bingwa ni atakayetangulia kushinda mechi nne. Tukifungwa kesho, kombe linabaki Florida, kwa watu walewale waliotutoa machozi mwaka jana.

Matokeo utayapata redioni. Mimi nataka nikusimulie ubishi.

Wewe ni mtu wa Coastal Union, na ubingwa wa 1988 hujaacha kuuhadithia. Kazini kwetu yupo mzee mmoja, mzaliwa wa hapa, ambaye naye mwaka wake ni huohuo. Mwaka 1988 Oilers walitwaa kombe la nne ndani ya misimu mitano wakiwa na nyota wao Wayne Gretzky, kisha mwezi Agosti Gretzky akauzwa Los Angeles. Walilitwaa tena 1990 bila yeye, na tangu hapo basi. Hata Kanada yenyewe, nchi inayouhesabu mchezo huu kuwa ni wake wa kuzaliwa, mara ya mwisho timu yake kulichukua kombe hili ilikuwa Montreal mwaka 1993. Kwa hiyo mzee akizungumzia magongo ya barafuni, anazungumzia ujana wake, na sauti yake hubadilika.

Anayebishana naye ni binti wa idara ya hesabu. Wazazi wake walitoka Eritrea. Hajawahi kuvaa viatu vya barafuni hata mara moja, lakini hakuna mtu pale kazini anayeijua timu hii kwa undani kama yeye. Mzee huanza na alichokiona kwa macho, binti huanza na takwimu, na saa ya chakula huisha sahani zikiwa hazijaguswa.

Nikueleze wanachokihesabu. Kila timu huwa na wachezaji watano na kipa mmoja. Mchezo ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20, na kisahani cheusi cha mpira mgumu ndicho kinachogombewa. Wachezaji hubadilishwa kila baada ya muda usiofika dakika moja, huku mchezo ukiendelea, kwa sababu mbio zile hazivumiliki. Mabao ni machache na mengine yanaingia kwa kugonga mguu wa mtu. Ukihesabu mabao peke yake, unaweza kuisifu timu iliyobahatika na kuilaumu iliyocheza. Ndipo watu wakaanza kuhesabu mashuti yote: yaliyolenga goli, yaliyopita pembeni, na yale yaliyozuiwa na mwili wa beki kabla hayajafika. Timu inayopiga mengi kuliko inayopigiwa ndiyo yenye kisahani muda mrefu. Hesabu hiyo inaitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi, aliyekuwa mwalimu wa makipa wa Buffalo akitaka kujua mzigo halisi wanaoubeba vijana wake. Na miongoni mwa waliotangulia kuisambaza walikuwa mashabiki wa Oilers, watu wa kawaida waliokaa na kalamu wakirudia kutazama mechi. Siku hizi wamekwenda mbali zaidi. Kila shuti hupewa uzito kulingana na mahali lilipopigwa, kisha wanajumlisha na kukwambia timu ilistahili mabao mangapi.

Mzee hapendi. Siku moja alimuuliza binti, bila ubaya, kama amewahi kusimama juu ya barafu hata dakika tano. Binti akajibu kwamba hajawahi, kisha akamuuliza: mabeki wetu wawili wa kwanza walipokuwa uwanjani juzi, nani alipiga mashuti mengi, sisi au wao? Mzee akanyamaza akitafuta. Hakuwa na jibu, na binti alikuwa nalo.

Mjomba, hapo ndipo roho yangu ilipo. Katika mji huu watoto huteleza barafuni tangu wana miaka minne, na vifaa vyake ni ghali kiasi kwamba familia nyingi za wageni hazithubutu. Kwa miaka mingi, mtu kama binti yule au kama mimi angekaa pembeni ya mazungumzo na kutikisa kichwa. Takwimu zimetupa haki ya kusema. Hazikuulizi ulizaliwa wapi wala baba yako alikupeleka uwanjani ukiwa na umri gani, zinakuuliza tu kama umetazama kwa makini na kama hesabu yako ni sahihi. Mimi naliona hilo ni jambo kubwa. (Najua Nairobi wapo vijana, Ice Lions, waliojifunza mchezo huu kwenye barafu ndogo ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2018 waliletwa Kanada wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby. Hao wana haki ya miguu. Sisi wengine tunayo ya kalamu.)

Ubishi mkubwa kuliko wote ni wa mwaka jana, na haujaisha hadi leo. Mwaka 2024 Florida walishinda mechi tatu za kwanza za fainali. Oilers wakajibu 8–1, 5–3, kisha 5–1, na mji ukawa kama umepagawa. Kabla ya hapo, timu moja tu ndiyo iliyowahi kupindua matokeo kutoka 0–3 kwenye fainali na kuchukua kombe: Toronto, mwaka 1942. Mechi ya saba, Juni 24, tukafungwa 2–1. Nahodha wetu, Connor McDavid, alimaliza hatua ya mtoano na pointi 42, mabao nane na pasi za mabao 34, akivunja rekodi ya Gretzky ya pasi 31 ya mwaka uleule wa 1988. Alipewa tuzo ya mchezaji bora ingawa timu yake ilishindwa, na hakutoka chumbani kwenda kuipokea.

Mzee anasema: mechi ya sita pointi sifuri, mechi ya saba sifuri, sasa hizo 42 tuzipeleke wapi? Binti anasema: mechi ya sita tulishinda 5–1 na yeye akiwa na sifuri, kwa sababu Florida walipeleka watu wao bora kumlinda na wengine wakapata nafasi. Sifuri ile ilikuwa na kazi ndani yake. Kisha anataja kitu ambacho watu wengi wamekisahau. Katika hatua ile yote, mara 70 Oilers walibaki pungufu ya mtu baada ya mwenzao kupelekwa kibandani kwa adhabu, na mara 66 hawakufungwa. Hakuna shabiki anayevaa jezi ya mtu aliyejirusha mbele ya shuti, lakini watu hao ndio walioturudisha kutoka 0–3. Sijawahi kusikia hoja nzuri kuliko hiyo mezani kwetu.

Mwaka huu, hata hivyo, nasimama upande wa mzee. Angalia mechi zenyewe. Ya kwanza tulishinda 4–3, Leon Draisaitl akimaliza kazi katika muda wa nyongeza. Ya pili tulisawazisha zikiwa zimebaki sekunde kama 18, kisha Brad Marchand wa Florida akatumaliza katika nyongeza ya pili. Ya tatu tulifungwa 6–1. Ya nne tulikuwa nyuma 3–0, tukarudi tukashinda 5–4, Draisaitl tena, bao lake la nne la muda wa nyongeza katika mtoano mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Ya tano, juzi Jumamosi, hapahapa nyumbani, tukafungwa 5–2. Katika mechi tatu za mwisho Florida wameongoza kipindi cha kwanza kwa 2–0, 3–0 na 2–0.

Kwa nini? Florida wanakabia juu. Kisahani kikienda nyuma ya goli letu, washambuliaji wawili wanamfuata beki kwa kasi na kumgandamiza kwenye ukuta wa mbao, na wa tatu anasubiri pasi ya woga. Oilers ni timu ya mbio: beki anatoa pasi safi katikati, McDavid anaipokea akiwa tayari kwenye kasi, na hakuna anayemfikia. Pasi hiyo ya kwanza ikiharibika, kasi yote inabaki haina kazi. Mzee aliliona hilo katika mechi ya tatu, akasema mabeki wetu wanacheza huku wakisikiliza hatua za anayekuja nyuma yao. Hesabu ya mashuti hailionyeshi, kwa sababu hapo shuti halijapigwa bado. Marchand, mzee wa miaka 37 aliyeletwa kutoka Boston mwezi Machi, tayari ana mabao sita katika fainali hii.

Kwa kinyozi wetu, mtu wa Bukavu mwenye duka 107 Avenue, ubishi ni wa kipa. Calvin Pickard alikuwa ameshinda mechi zote saba alizohesabiwa kabla ya Jumamosi. Stuart Skinner ndiye aliyetolewa katika mechi ya nne baada ya mabao matatu. Kinyozi anamtaka Pickard kwa sababu ya zile saba, na nilipompelekea hoja ya binti, kwamba ushindi ni wa timu na kipa apimwe kwa mashuti aliyoyazuia, alisimamisha mashine kichwani mwa mteja ili anijibu vizuri.

Kesho mechi inachezwa Sunrise, Florida, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapa. Kwetu itaanza saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado juu, na kwenu itakuwa saa tisa usiku. Ukiamka, usikihangaikie kisahani. Mtazame beki wa Oilers anapogeuka nyuma ya goli lake, na uhesabu ni mara ngapi anatoa pasi akiwa ameinua kichwa. Dakika kumi za kwanza zinatosha. Niandikie ulichokipata kabla hujasoma matokeo, nitamwonyesha binti na mzee Jumatano.

Wasalimie wote.