Kusikiliza Pistoni

Gari aina ya Ford Model T lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1908, likaacha kutengenezwa mwaka 1927. Injini yake ikianza kugonga, fundi hakuwa na kompyuta ya kumweleza tatizo. Alikuwa na masikio, na masikio hudanganyika kirahisi. Pistoni iliyolegea hupiga ukuta wa silinda. Pini inayoiunganisha na konrodi ikilika hugonga pia. Beringi ya konrodi nayo ina kelele yake. Kusema upesi "ni pistoni" kulimaanisha kufumua injini, na mwenye gari ndiye aliyelipa.

Kwanza, basi, fundi alichelewesha cheche kwa wenzo mdogo uliokuwa kushoto mwa usukani. Kelele ikikoma, pistoni haina kosa: cheche ilikuwa inawahi mno. Ikiendelea, alifungua kisanduku cha koili. Injini ilikuwa na silinda 4, na kila moja ilikuwa na koili yake yenye kibati kinachotetemeka. Alikibana kimoja kwa kidole, silinda hiyo ikakosa cheche, naye akasikiliza. Kisha cha pili. John Stuart Mill aliieleza njia hii kwenye kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843: ondoa kitu kimoja tu, mengine yaache yalivyo, uone kinachobadilika. Darasani tuliipitia kwa dakika chache. Nadhani ilistahili kidole na koili.

Lakini kujua ni silinda ipi si kujua kwa nini. Aristotle alitenganisha mambo hayo mawili, na fundi pia. Injini ikigonga asubuhi na kutulia ikishapata moto, dalili ni za pistoni, kwa sababu chuma hutanuka na nafasi hupungua. Ili kuhakikisha, humimina oili nzito kidogo kupitia tundu la plagi. Oili inaziba nafasi. Kelele ikififia kwa muda kisha ikarudi, shaka inabaki ndogo.

Mjomba wangu hutengeneza magari ya Kijapani, na bado huweka bisibisi ndefu kati ya injini na sikio. Siku hizi sikio hilo limechoka. Likizo iliyopita alinikabidhi bisibisi mbele ya dereva mmoja ambaye gari lake ndilo mkate wa watoto wake.

"Frateri, usiniambie ni nini. Niambie inasikikaje, na lini."

Nilisikiliza ikiwa baridi, nikasikiliza tena baada ya robo saa. Nikamwambia: ilikuwa inagonga kavu, kwa mbele, sasa karibu haisikiki.

Mjomba alimgeukia dereva. "Kaka, hatufungui leo. Kaendelee na kazi, ila oili uipime kila asubuhi."

Yule dereva aliuliza mara mbili kama ni kweli.