Gitaa la kwaya: Squier, Epiphone, Ibanez au Yamaha?

Najua nimepotea, msinirushie mawe. Mitihani ya majaribio ilinibana, halafu nyumbani wakanitwisha mzigo ambao sijawahi kubeba tangu nizaliwe. Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtoto wa Mbangala, huko wilaya ya Songwe, mkoa wetu mchanga uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hapa Mkwawa kila nikisema natoka Songwe mtu ananiuliza, "Tunduma?" Siyo Tunduma wajameni. Tunduma ni mpakani na Zambia. Kwetu unapita Mbalizi, unaitafuta Mkwajuni, halafu unaendelea na bodaboda.

Sasa mzigo wenyewe. Mwezi wa tatu mama alinipigia simu jioni, nikajua tu kuna jambo, maana mama hapigi jioni. Akaniambia akina mama wa kwaya wameuza mpunga na ufuta wao, wamechanga shilingi 650,000, na wamekaa kikao wakaamua mimi ndiye nikawanunulie gitaa la umeme. "Wewe uko chuo, na ulifundishwa gitaa," akasema. Alipotamka "ulifundishwa" akanyamaza kidogo. Wote wawili tulijua aliyenifundisha ni nani.

Ni baba mdogo. Yeye ndiye aliyenishikisha gitaa nikiwa darasa la tano, akinihadithia habari za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari kule Kenya Januari 1979, kama vile wamesoma darasa moja. Mwaka 2022 kwaya ilimpa hela akanunue gitaa. Akaenda, akarudi na gitaa jekundu linalong'aa, kichwani limeandikwa jina la kampuni moja kubwa ya Marekani. Watu wakashangilia. Jumapili ya kwanza alipopanda kupiga solo juu juu karibu na mwili wa gitaa, likatoka sauti ya kuumiza meno. Akakaza nyuzi, likakubali chini, likakataa juu. Wiki tatu hivyo hivyo. Baadaye kijana mmoja akaja kusema lile ni feki, linauzwa elfu themanini. Basi ikawa maneno. Wengine wakasema amekula hela ya kanisa, wengine wakasema amezeeka, masikio yamekwisha. Ba'mdogo hakujibu mtu. Akaacha kwaya, akabaki na shamba lake.

Kwa hiyo nilipopokea ile laki sita na hamsini kwenye simu, mikono ilitetemeka. Nikikosea, tunakuwa wawili katika ukoo mmoja.

Nikaanza utafiti, si ndiyo tunachofundishwa hapa? Hela sikuigusa kwanza. Niliomba kushika magitaa ya watu, kila moja saa nzima, nikalipima kwa mambo yale yale: linakaa kwenye sauti au linateleza? Vidole vinaumia? Likiharibika, nani atalitengeneza Mbangala? Na bei.

La kwanza lilikuwa Squier Stratocaster la vijana wa fellowship. Squier ni mtoto wa Fender, alianza kutengeneza magitaa mwaka 1982 ili watu wenye mfuko mdogo wapate umbo lile lile la Stratocaster ya 1954. Mwenyewe Leo Fender alikuwa fundi redio, wala hakuwa mpiga gitaa, na ukilifungua gitaa lake unaona akili ya fundi redio. Shingo imefungwa kwa skrubu nne tu. Ukitaka unaifungua, unaibadilisha, unarudisha. Sauti yake kali na safi, ukipiga sebene inaruka kama matone ya mvua kwenye bati. Nililipenda. Ila pikapu zake (siyo ile gari ya kubebea mahindi, ni zile sumaku zenye waya chini ya nyuzi) ni za koili moja moja, na koili moja inadaka muungurumo wa umeme. Hapa Iringa si tatizo kubwa. Kanisani kwetu tunatumia sola na inveta, na ile inveta inanguruma kuliko mchungaji. Nikaweka alama ya kuuliza. Jipya niliambiwa 720,000, hapo bado begi na waya.

La pili Epiphone Les Paul, la jamaa mwenye studio mjini. Epiphone ni ya Gibson, waliinunua mwaka 1957. Hili sasa ni gitaa la kifalme jamani. Pikapu zake ni hambaka, yaani koili mbili zinazofutana muungurumo, kwa hiyo kimyaaa mpaka upige mwenyewe. Sauti nene. Nyuzi nazo laini kidoleni, kwa sababu urefu wa uzi wa Les Paul ni milimita 628 hivi wakati wa Stratocaster ni 648, na uzi mfupi unahitaji kukazwa kidogo kufikia noti ile ile. (Wa Fizikia mnanielewa, wa Historia mtanisamehe.) Lakini lile nililoshika lilikuwa zito, nusu saa bega langu likaomba msamaha. Na kichwa chake kimeinama kwa nyuma. Likianguka chali, pale kwenye shingo ndipo linapovunjika. Nikawaza safari ya Mkwajuni kwenda Mbangala juu ya bodaboda, nikamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Na bei ilivuka milioni, kwa hiyo hata mjadala haukuwepo.

La tatu Ibanez, zile za bei nafuu wanaziita GIO. Ibanez ni Wajapani, walianza na duka la vitabu Nagoya mwaka 1908, na jina lenyewe wamelitoa kwa fundi magitaa wa Hispania. Shingo yake nyembamba, vidole vinateleza tu, hata mimi mwenye vidole vifupi nilijisikia Diblo Dibala. Kama ningejinunulia mwenyewe pengine ningechukua hilo. Lakini lilikuwa limetumika sana, freti zimelika mpaka kuna vishimo, na kubadilisha freti ni kazi ya fundi ambaye kwetu hayupo. Muuzaji alitaka laki tano. Tena akaniuliza, "Dada, unamnunulia mumeo?" Nikamwambia mume wangu ni kwaya nzima.

La nne Yamaha Pacifica 112V, la mwalimu mmoja aliyekuwa anauza kwa sababu anahama. Pacifica ilitoka mwaka 1990. Kwa umbo ni ndugu wa Stratocaster, shingo ya skrubu nne, uzi wa milimita 648. Tofauti iko kwenye pikapu: mbili ni za koili moja, ya tatu, ile ya karibu na daraja, ni hambaka. Inveta ikinguruma unahamia kwenye hambaka. Ukitaka sauti nyembamba unavuta kitufe, hambaka inabaki koili moja. Kwa kanisa la sola hilo si jambo dogo. Halafu niliposoma habari za Yamaha nikacheka peke yangu: mwaka 1887 bwana Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule ya msingi kule Hamamatsu, na kampuni yote ikaanzia hapo. Kinanda cha shule! Na mimi ni mwalimu mtarajiwa ninayenunua gitaa la kanisa.

Lakini kabla ya kutoa hela nikataka uhakika. Kuna kipimo kimoja rahisi, na kila anayenunua gitaa akijue. Uzi ukiugawa nusu, unatoa do ya juu ya ile ile do ya chini. Freti ya 12 ndiyo nusu hiyo. Kwa hiyo pima kutoka kile kipande cha plastiki pale juu nyuzi zinapoanzia mpaka freti ya 12, halafu kutoka freti ya 12 mpaka daraja. Viwe karibu sawa. Upande wa daraja ukizidi milimita mbili tatu ni kawaida, maana ukibonyeza uzi unaukaza kidogo, sauti inapanda, na ile ziada inarekebisha. Nikalipima la mwalimu kwa uzi mwembamba: 324, na 326. Safi kabisa. Nikalipiga wazi, nikalipiga freti ya 12, do na do zikakaa kama mapacha.

Nilipokuwa nakunja tepu ndipo nikapata wazo lililoninyima usingizi. Lile jekundu la ba'mdogo je? Bado lilikuwa stoo ya kanisa. Nikampigia mdogo wangu aliye kidato cha pili, nikamwambia chukua tepu ya cherehani ya mama, nenda kapime, usimwambie mtu. Baada ya saa moja akanitumia picha mbili WhatsApp. Juu mpaka freti ya 12: sentimita 32.4. Freti ya 12 mpaka daraja: sentimita 33.6.

Milimita 12 wajameni! Na kwenye picha naona skrubu za daraja zimesukumwa mbele mpaka mwisho, hakuna pa kwenda tena. Mtu alishajaribu kulirekebisha. Nikafanya hesabu nyuma ya daftari la saikolojia ya elimu: hata ukiondoa ile ziada ya kawaida, noti za juu zinashuka karibu robo ya nusu toni. Hapo hakuna masikio yatakayosaidia. Hata angefufuka Mbaraka mwenyewe, lile gitaa lisingeimba. Waliolitengeneza walichimba daraja mahali pasipo pake, wakabandika jina la watu, likaja mpaka kwetu.

Nililia kidogo, sitaki kudanganya. Miaka yote hiyo hata mimi sikuwahi kumtetea. Nilinyamaza kama wengine.

Nikanunua la mwalimu kwa 550,000. Nikamwomba aandike karatasi ya mauziano, asaini na mimi nisaini, nikaipiga picha nikaituma kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo. Laki iliyobaki nikanunua nyuzi seti tatu, waya mmoja, begi lenye sponji na ule ufunguo mdogo wa kunyooshea chuma cha ndani ya shingo. Chenji 11,000 nikairudisha kwa simu.

Likizo ilipofika nikasafiri nalo, nimelipakata kama mtoto toka Iringa mpaka Mbeya, konda akitaka kuliweka kwenye buti namwambia nitalilipia siti. Jumamosi tukakaa kikao cha kwaya. Swali la kwanza kutoka kwa mama mmoja wa soprano: "Mbona halina jina lile kubwa?" Nikasema shikamoo mama, naomba tepu.

Nikaweka magitaa yote mawili mezani, jipya na jekundu. Sikuhutubia. Nikamwomba mwenyekiti apime mwenyewe, kwa mkono wake, asome kwa sauti. Akasoma la Yamaha. Akasoma jekundu. Akarudia jekundu mara mbili. Nikapiga do ya chini na do ya juu kwenye kila moja, na kwaya inayosoma sol-fa huhitaji kuieleza zaidi ya hapo. Sauti ya nne ndiyo iliyoguna kwanza. Swali la kama mtu alikula hela sikuligusa, maana tepu haipimi hilo, ila nikasema kwamba aliyelaumiwa masikio alikuwa anasikia sawasawa kuliko sisi sote.

Mwenyekiti akakunja tepu polepole akasema, "Twende kwake." Tukaenda watu saba.

Ba'mdogo alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaangalia begi. Mwenyekiti akaongea, sitaandika alichosema, ni mambo ya watu wazima. Ba'mdogo akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akaniuliza mimi, "Ilizidi ngapi?" Nikamwambia milimita 12. Akatikisa kichwa. "Mimi nilipata 11," akasema. "Nilipima kwa rula ya shule."

Kumbe alijua tangu 2022. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alisema, siku ya kwanza tu, hakuna aliyetaka kusikia habari za rula.

Kurudi kwaya bado hajarudi. Lakini Jumapili ile alikuja akakaa benchi la nyuma, na kabla ya ibada akaomba gitaa dakika mbili, akalegeza nyuzi, akazikaza upya, akapiga juu kabisa karibu na mwili. Halafu akampa kijana anayepiga sasa, akarudi nyuma.

Haya, nawaacha. Jumatatu nina tesiti ya mbinu za kufundishia na sijagusa kitu. Ukienda kununua gitaa, nenda na tepu.