Njia Zipo Tayari: Kutoka Abuku Hadi Panyimur

Safari hii naianzia Abuku, kata ya wilaya ya Koboko, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, ambako mtu akisema anakwenda sokoni mara nyingi ana maana ya kwenda kwa miguu. Njia za hapa zina upana wa mtu mmoja na dumu lake la maji. Udongo ni mwekundu, umekanyagwa mpaka umeng'aa. Mihogo upande huu, ufuta upande ule, na kila penye njia panda pana boma ambalo wenyeji hulitumia kumwelekeza mgeni. Kutoka hapa nitashuka hadi Panyimur, mji mdogo wa wavuvi kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert, na njiani nitatetea hoja moja. West Nile, kama ukanda huu wote unavyoitwa, haikosi vivutio, wala haikosi njia za kuvifikia. Inachokosa ni utaratibu wa kumlipa mwenye njia. Fedha za kwanza za utalii zikimalizikia kwenye hoteli, eneo hili litabaki mahali pa kulala usiku mmoja na kuendelea na safari. Zikimfikia mwongozaji wa kijijini, mgeni atapata sababu ya kukaa.

Ushahidi wa kwanza upo Koboko kwenyewe. Mlima Liru na Mlima Wati, ulioko Terego upande wa kusini, ni vilele viwili vinavyoshikana kwa simulizi ya Walugbara kuhusu mashujaa wao wa asili, Jaki na Dribidu. Inasimuliwa kwamba Jaki alifia Liru na Dribidu alifia Wati. Hapo pana safari kamili ya mguu: milima miwili, mashujaa wawili, na vijiji vya kulala katikati. Wilayani Koboko ndiko pia kuliko Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Mpaka wa Kongo upande huu unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji: mvua inayoangukia magharibi hutiririka kuelekea Mto Kongo na Atlantiki, ile ya mashariki hushuka kwenye Nile hadi Mediterania. Hakuna kati ya haya kinachohitaji saruji ili kionekane. Kinahitaji mtu anayejua njia, anayejua kisa, na anayejua ni mzee gani wa kusalimiwa kabla ya kupanda.

Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imefanya jambo jema na jambo gumu kwa wakati mmoja. Mama mwenye mgonjwa anafika hospitali ya Arua mapema, na mfanyabiashara wa mihogo hapotezi siku kwenye matope. Ila barabara hiyohiyo inampitisha msafiri kando ya vijiji hivi bila kumpa sababu ya kushuka. Malori yanakwenda Juba, mabasi yanakwenda Kampala, na anayetazama dirishani anauona mlima kwa dakika chache tu. Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, inanufaika kwa sababu abiria hulala hapo. Abuku hainufaiki. Tofauti hiyo haitokani na uzuri wa mandhari. Inatokana na mahali ambapo msafiri anatakiwa kufungua pochi.

Kutoka Arua naelekea kusini hadi Nebbi, kisha mashariki, na hapo ardhi inaanza kuinama. Nyanda za Arua ziko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Albert uko kwenye mita 620 hivi. Katika mteremko huo joto huongezeka, migomba hupungua, miiba na nyasi fupi huchukua nafasi, mpaka Nile inatokea mbele, pana na tulivu, penye daraja la Pakwach. Upande wa mashariki wa mto, si mbali na daraja, lipo lango la Tangi la Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, iliyoanzishwa mwaka 1952. Magari mengi ya watalii huingia langoni, huzunguka kutazama twiga na tembo, kisha hurudi yalikotoka. Ng'ambo ya daraja, upande wa magharibi, pana Wang Lei, mahali ambapo kwa mujibu wa simulizi za Waluo ndugu wawili, Gipir na Labongo, walitengana baada ya ugomvi wa mkuki na shanga. Mbele kidogo kuelekea kaskazini, ukingoni mwa mto, pana Wadelai, ilikokuwa kambi ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, katika miaka ya 1880. Mtalii aliyelipia kuingia hifadhini amefika karibu kabisa na historia hii, na anageuza gari.

Huwezi kulaumu magari hayo bila kukumbuka historia ya fedha za wanyama upande huu wa mto. Ukanda huu ulikuwa sehemu ya Lado, eneo lililokodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894 na kuachwa baada ya kifo chake mwishoni mwa 1909. Majangili wa pembe za ndovu walilivuna bila kumwachia mwenyeji kitu. Mwanzoni mwa 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile kuwinda vifaru weupe. Ajai, hifadhi iliyowekwa baadaye kuwalinda vifaru hao, ilibaki bila kifaru hata mmoja. Kwa hiyo ninaposema kwamba suala la nani analipwa litangulie suala la nini kijengwe, nasema hivyo kwa sababu eneo hili limewahi kuwa na kivutio kilichojulikana duniani, na kikaisha mikononi mwa wapita njia.

Toka Pakwach barabara inateremka kusini hadi Panyimur, na hapa ndipo hoja yangu inapopata nguvu zaidi. Mji umekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya ziwa na ukuta wa Bonde la Ufa. Chini ya ukuta huo, penye ufa wa miamba, zinatoka chemchemi za maji moto za Amoropii, Okumu na Avuka, ambazo wataalamu wa nishati ya jotoardhi wamekuwa wakizichunguza. Mbele yake, ng'ambo ya maji, Nile inayotoka Maporomoko ya Murchison inaingia ziwani kwa matawi yenye mafunjo, na umbali mfupi tu kutoka hapo inatoka tena ikielekea kaskazini. Mpelelezi Mwingereza Samuel Baker alilifikia ziwa mwaka 1864, na Romolo Gessi akalizunguka kwa mashua mwaka 1876 ndipo ramani za Ulaya zikatulia. Delta hiyo leo ni ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, na ni makazi ya korongo nyangumi, ndege anayewafanya wapenzi wa ndege wavuke bahari. Alfajiri mwaloni mashua zilizovua kwa taa huingia na muziri, dagaa wa ziwa hili. Wanawake huwatandaza juu ya nyavu kuukuu, huwageuza kwa mikono jua linapopanda, huokota majani na changarawe, na kufikia mchana samaki wamekuwa wepesi na wa rangi ya fedha, tayari kupimwa kwa beseni na kupakiwa kuelekea masoko ya Kongo na Sudan Kusini. Mtu anaweza kupanda ukuta wa bonde asubuhi, kuona chemchemi mchana, na kwenda kwenye mafunjo jioni kwa mashua yenye jaketi za kuokolea. Njia zote hizo hutumiwa kila siku na wavuvi, wachunga mbuzi na watoto wa shule.

Atakayenipinga atasema kwanza kuhusu usalama. Hoja hiyo ina uzito, maana barabara ya Karuma hadi Pakwach iliwahi kuvamiwa na waasi wa LRA, na West Nile ilikuwa na waasi wake. Lakini waasi hao wa West Nile, UNRF II, walitia saini mkataba wa amani na serikali mwezi Desemba 2002, na LRA waliondoka kaskazini mwa Uganda kufikia 2006. Hatari iliyobaki ipo mpakani, hasa kuelekea Sudan Kusini, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kumtanguliza mwenyeji: yeye ndiye anayejua wiki gani Salia Musala panaendeka na wiki gani paachwe. Pingamizi la pili ni la heshima. Liru na Wati si milima ya kupigia picha tu, na wazee wana haki ya kukataa. Nakubali, na nasema haki hiyo iandikwe: mahali ambapo ukoo umesema mgeni asifike, njia iishie hapo. La tatu ni kwamba kutembea hakuleti fedha za maana. Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, inatoa jibu. Maporomoko yake yako nje ya mipaka ya hifadhi, katikati ya mashamba ya kahawa, na wageni hupitishwa humo na vijana wa hapohapo kwa malipo. Hakuna simba Sipi. Kuna njia ya miguu, mwongozaji na kikombe cha kahawa, na watu hulala usiku wa pili.

Wapo wanaotaka kuanza na hoteli kubwa ufukweni. Ziwa lenyewe limekwisha kuwajibu. Maji yalipopanda mwaka 2020, miji ya mwambao wa Ziwa Albert ilipoteza nyumba, vyoo na mialo. Ukuta wa saruji uliojengwa penye maji ulibaki majini, na deni likabaki kwa mwenyewe. Njia ya miguu husogea. Maji yakipanda, watu huhamia juu ya mteremko na kukanyaga njia nyingine ndani ya msimu mmoja.

Ninachowaomba wakubwa wa wilaya za Koboko, Terego na Pakwach ni kazi ndogo isiyosubiri mfadhili. Wakae na wazee, waandike njia zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Wawafundishe vijana wachache huduma ya kwanza, historia ya mahali pao na Kiswahili cha kumpokea mgeni. Waweke ada moja inayojulikana, yenye risiti, na sehemu yake iende kwenye kisima au zahanati ya kijiji kinachopitwa. Nawe msomaji, ukifika daraja la Pakwach, usigeuze gari. Vuka, uliza kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), tafuta mwongozaji wa hapo, na umlipe kabla hamjaanza kutembea.