Nilisema Analiweza

Aliyemwambia mwenye pikapu kwamba kijana anaweza kuendesha ni mimi. Hapa Mazingara, Handeni, watu wamekuwa wakisema kijana alimlaghai mzee wa watu, kwamba aliomba funguo kwa maneno matamu akaenda kupindua gari. Si kweli. Mzee aliniuliza mimi, nikiwa nimesimama mlangoni mwa kibanda changu cha gemu: "Huyu mpwa wako, gari analiweza?" Nikamjibu, "Analiweza, mzee wangu, nimemfundisha mwenyewe." Neno hilo ndilo lililompa kijana funguo. Baada ya ajali sikulitaja tena mbele ya mtu.

Nilikuwa nimemfundisha kwa usukani wa gemu.

Kibandani nilianza na runinga na PlayStation, vijana wakicheza mpira kwa pedi. Baadaye nikanunua mtumba kutoka Dar es Salaam: kompyuta, na usukani wa Logitech G27. Nitaueleza kwa kirefu, maana kosa langu lilianzia humo. Usukani ule unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Unakuja na pedeli tatu, klachi, breki na mafuta, pamoja na mkono wa gia sita. Ndani yake mna mota mbili. Programu ya gemu hupiga hesabu ya kile ambacho matairi ya mbele yanafanya, kisha huziamuru mota zivute mkono wa dereva. Tairi likishika barabara, usukani unakuwa mzito. Tairi likianza kuserereka, uzito unatoweka ghafla, na mkono unajua kabla jicho halijaona. Gari likinyooka, usukani unataka kurudi katikati wenyewe, nawe unatakiwa uuachie upite viganjani. Mtengenezaji aliweka yote hayo humo. Mimi niliyazima.

Niliyazima kwa sababu ya pesa. Mota zilikuwa zikipata moto na meno yake yakipiga kelele, nami nikahofia zikiungua sitapata fundi wala kipuri Handeni nzima. Watoto walilalamika mikono inachoka. Mteja akichoka anaondoka, na mimi nauza dakika. Kwa hiyo nikaingia kwenye mipangilio nikaondoa ule mvuto wote, usukani ukawa mwepesi. Kisha nikapunguza mzunguko kutoka nyuzi 900 hadi 270, ili mtu akikata kidogo tu gari la kwenye skrini likate sana. Mashindano yakawa matamu. Hakuna aliyekuwa akihangaika kuzungusha mikono kwenye kona kali. Ungeona mtoto wa darasa la tano anapita kona kwa mwendo wa kutisha na kila mtu anashangilia. Nilijua kabisa kwamba usukani wa gari la kweli hauko hivyo. Gari nyingi zinazopita barabara kuu kwenda Segera zinahitaji mizunguko mitatu na zaidi kutoka mwisho hadi mwisho. Nilijua, na sikumwambia mtu.

Gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000. Ni ya zamani, lakini haikuilemea kompyuta yangu, na ndani yake mna njia za Kenya, zenye vumbi ambalo vijana waliliona kama la kwetu. Hapo ndipo niliponogesha biashara kwa hadithi. Niliwasimulia kwamba mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu hii. Niliwasimulia Joginder Singh aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Niliwasimulia Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, aliyetwaa ushindi mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Hadithi hizo ni za kweli na bado nazipenda kwa moyo wote.

Hadithi moja, hata hivyo, niliisimulia nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyomwingia mpwa wangu. Kijana Mwingereza, Jann Mardenborough, alishinda mwaka 2011 mashindano ya kuwasaka madereva kwa njia ya gemu ya Gran Turismo. Mwaka 2013 alikuwa Le Mans, Ufaransa, akimaliza wa tatu katika daraja la gari lake kwenye mbio za saa 24. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2023, nami niliionyesha kibandani. Niliwaambia vijana: mnaona, alitoka kwenye usukani kama huu huu. Nilichoruka ni kwamba kati ya gemu na mbio za kweli alikalishwa ndani ya magari ya kweli, na walimu pembeni, kwenye viwanja vilivyotengwa, mpaka wakaridhika naye. Niliruka pia yaliyotokea Machi 2015 kule Nürburgring, Ujerumani. Gari lake aina ya Nissan GT-R liliinuka pua kwenye kilima, likaruka uzio, na mtazamaji mmoja akafa. Ndani ya filamu ajali hiyo imewekwa kabla ya Le Mans, ili ushindi uje baadaye na watu watoke wamefurahi. Kwa kweli ilikuja karibu miaka miwili baada ya Le Mans, wakati Mardenborough alikuwa tayari dereva aliyefundishwa na kuzoea. Nililijua hilo pia. Lingeharibu hadithi yangu, nikaliacha.

Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Leseni hana, hata ile ya kujifunzia hana. Kwenye usukani wangu hakuna aliyemfikia. Alikuwa anakanyaga klachi na kubadili gia bila kutazama chini, na siku mwenye pikapu alipomruhusu kuizungusha uwanjani, aliiondoa taratibu bila kuzima injini. Mzee akafurahi. Mimi nikavimba kichwa. Nilipoulizwa swali lile mlangoni nilijibu haraka, kwa fahari, kama mwalimu anayesifia mwanafunzi wake.

Siku ya ajali walikuwa wakitoka shamba na magunia ya mahindi, na juu ya magunia amekaa mama mmoja jirani aliyeomba lifti. Barabara ile ni ya vumbi, changarawe imejikusanya pembeni, na gunia likiwekwa juu ya gunia gari linakuwa zito juu. Kwenye kona, nyuma ikaanza kuserereka. Kijana alifanya alichozoea kufanya: akakata usukani kinyume, kidogo, kama nyuzi zangu 270 zilivyomfundisha. Haikutosha. Akaongeza, akaongeza tena, mpaka akavuka kiasi. Matairi yalipopata udongo mgumu yakashika ghafla, na usukani ulikuwa bado umekatwa. Ule ndio wakati wa kuuachia urudi wenyewe. Mikono yake haikulijua jambo hilo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimelizima. Pikapu ikarukia upande wa pili ikalala ubavu.

Haya amenieleza mwenyewe, kwa utulivu, kona nzima, sekunde kwa sekunde. Alisema, "Mjomba, nilifanya kama kibandani." Hakunilaumu. Alikuwa anajaribu kuelewa alipokosea.

Yeye alivunjika mfupa wa bega. Mama yule alivunjika mguu, na msimu ule hakulima.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonisumbua kuliko ajali yenyewe. Familia ilikaa kikao. Kwetu Wazigua mjomba ana sauti kikaoni, na mimi nilikuwa nimekaa mbele. Dada yangu akamuuliza mwanawe, "Gari umefundishwa na nani?" Kijana alinitazama. Nikainamisha macho. Akasema, "Nimejifunza mwenyewe." Ningeweza kusema pale pale, watu wote wapo, maneno yasingezidi matatu. Badala yake nilimkaripia. Nilimwambia vijana wa siku hizi hawasikii, wanadhani maisha ni mchezo. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni, akaitikia, "Nimekosa, mjomba." Kikao kikaamua dada alipe matengenezo ya pikapu kwa mahindi yake, na mimi nikashukuriwa kwa busara.

Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya wateja, kwamba wazazi wakisikia watawakataza watoto kuja, nami ninalisha watu kwa kibanda kile. Nilijiambia pia kwamba kijana ameshasamehewa, ya nini kufukua. Lakini hakuwa amesamehewa. Hakuna aliyemwachia tena hata bodaboda, na wenzake walimpachika jina ambalo sitaliandika hapa. Alikuwa amebeba uongo wangu juu ya bega lililovunjika, kwa heshima tu ya kuwa mimi ni mjomba wake.

Usukani nimeurudisha kwenye nyuzi 900 na mota nimeziwasha. Kelele zipo, moto upo, na wateja wa mbio wamepungua. Anayetaka kujifunza gari namwambia aende chuo cha udereva, akachukue leseni ya kujifunzia, akae na mwalimu ndani ya gari lenye herufi L. Ada ya mpwa wangu nitailipa mimi akiwa tayari. Kwa sasa hataki hata kutajiwa habari ya gari, na sina haki ya kumharakisha.

Kwa dada yangu nilikwenda kwanza. Alilia, kisha akaniambia niondoke, nikaondoka. Kwa mwenye pikapu nilikwenda siku iliyofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema deni lililobaki lihamie kwangu na mahindi ya dada yarudishwe. Limehamia, na mahindi nimeyarudisha. Yule mama ndiye niliyemwogopa zaidi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza kwa nini nilimkaripia kijana kikaoni ilhali nilijua. Nikamjibu kwamba niliogopa kibanda kitafungwa. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi ukaseme hivyo kwa watu wote, baba, usiniambie mimi peke yangu."