Mwanafunzi Alipotushinda

Jumapili moja hapa Kakanda tulicheza sataranji na mwanafunzi wetu, darasa zima likitazama. Kijana alimsogeza askari wa mfalme hatua mbili, akamtoa farasi, kisha askofu wake akamkabili farasi wetu aliyemlinda askari. Mwanzo huo huitwa kwa jina la Ruy López, padre wa Hispania aliyetoa kitabu cha mchezo huu mwaka 1561.

Sisi, kwa kutamani sifa, tulimtoa malkia mapema mno. Akafukuzwa huku na huko, na kila kete iliyomfukuza ikapata mahali pema. Tukashindwa.

Tulitaka kusingizia maumivu ya kichwa. Lakini tulimpa mkono, tukasema, “Umetushinda, mwanangu.” Wazazi wapendwa, neno hilo mmepata kuwaambia watoto wenu?